Herufi za kusomwa gari likikimbia: Kinneir na Calvert

Asanteni sana. Mliosimama kule nyuma, viti viwili vitatu bado vipo huku mbele, njooni.

Nilipotakiwa nizungumzie wabunifu wa grafiki walioacha urithi, najua wengi wenu mlitegemea Paul Rand na nembo ya IBM, au Milton Glaser na ule moyo mwekundu wa New York. Leo wapumzike. Hao hawakosi wa kuwasifu, na kazi zao unaweza kusimama ukazitazama utakavyo. Mimi nimewaletea wawili ambao kazi yao hutazamwa kwa sekunde chache tu, halafu umeshapita: Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliochora alama za barabarani za Uingereza.

Calvert alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1936, akahamia Uingereza akiwa bado msichana. Kinneir alikuwa mwalimu wake chuoni Chelsea, London. Alipopata kazi ya vibao vya uwanja wa ndege wa Gatwick, akamwita mwanafunzi wake amsaidie. Kazi hiyo ikazaa nyingine kubwa zaidi. Serikali ilikuwa inajenga barabara kuu za kwanza za magari ya kasi, na mwaka 1957 iliunda kamati ya kushughulikia alama zake. Kamati ikamkabidhi Kinneir. Mwishoni mwa 1958, barabara ya kwanza ya aina hiyo ilipofunguliwa pembeni mwa mji wa Preston, vibao vyao vya bluu vilikuwa tayari vimesimama.

Zogo likaanza. Walikuwa wameandika majina ya miji kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, herufi zisizo na vijimkia, yaani vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi. David Kindersley, bingwa wa kuchonga herufi kwenye mawe, alipinga vikali. Yeye alitaka herufi kubwa tupu, zenye vijimkia. Basi zikapimwa. Askari wa jeshi la anga waliketishwa kwenye kiwanja cha ndege cha Benson, gari likawa linawajia na vibao juu ya paa, wao waseme wameanza kusoma saa ngapi. Na hapa nisiwafiche: herufi za Kindersley ziliongoza. Ila kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho wenye uamuzi hawakuona sababu ya kubadili njia. Huwa nawaambia hili wale wanaodhani vipimo humaliza ubishi wa ubunifu.

Sasa tukae kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana ndiko utamu uliko. Kila herufi ilichorwa ndani ya kigae chake, na nafasi ya kushoto na kulia imeshapimwa humo humo. Fundi wa kibao anapanga vigae, hiki baada ya kile, na neno linatoka sawa hata kama hajawahi kukanyaga darasa la sanaa. Halafu kipimo: unene wa mguu wa herufi I kubwa. Ukingo, umbali wa mstari na mstari, vyote vinahesabiwa kwa unene huo. Maana yake maneno ndiyo yanaamua ukubwa wa kibao. Sisi je? Mteja anakuja na ukubwa wa bango mkononi, tunakaa usiku kucha kubana maneno mpaka yaingie.

Kamati ya pili, iliyotoa ripoti yake 1963, iliwapa barabara nyingine zote za nchi, na alama mpya zikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1965. Michoro mingi ya humo ni mkono wa Calvert. Itazameni hii ya watoto wanaovuka, ndani ya pembetatu yenye ukingo mwekundu. Ile ya zamani ilikuwa na mvulana mwenye kofia ya shule na mkoba akimwongoza msichana. Ukiiona unajua hao ni watoto wa shule za wateule. Calvert akavua kofia, akageuza mambo: msichana ndiye mkubwa, ndiye anayemshika mdogo wake mkono. Alianzia kwenye picha yake mwenyewe ya utotoni. Ng'ombe wa alama ya mifugo naye alikuwepo kweli, shambani kwa jamaa zake, jina lake Patience.

Kinneir alifariki mwaka 1994. Jambo moja nampa heshima yake: mwaka 1964 aliongeza jina la Calvert kwenye jina la kampuni yake ya ubunifu, wakati ambapo mabosi wengi wangemwacha binti aendelee kuchora chumba cha nyuma. Nishani ya serikali Calvert aliipata 2016, zaidi ya miaka hamsini baada ya alama kusimikwa. Wakati huo herufi zenyewe zilikuwa zimeshahamia mtandaoni: tovuti ya serikali ya Uingereza, iliyoanza 2012, inatumia toleo jipya alilolitengeneza Calvert na mbunifu wa herufi Henrik Kubel. Mtu analipia leseni ya gari kwenye simu kwa herufi zilezile anazozisoma njiani.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, yule mtu wa alama ya matengenezo ya barabara anafanana na mtu anayehangaika kufungua mwavuli. Waingereza wanamtania miaka yote, na bado yupo pale na koleo lake. Haya, nani anaanza?