Kipi Kirudi, Kipi Kitupwe: Ovahoo ya Injini ya Hilux ya Zamani

Wakubwa shikamooni, vijana wangu hamjambo. Nipo gereji hapa Mtwara mjini, na mezani kwangu kuna injini ya Toyota, jina lake 3L, dizeli ya lita 2.8, imetoka kwenye Hilux inayobeba korosho kutoka vijiji vya Tandahimba na Newala. Ilikuja inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Tumeshaishusha na kuifungua, kwa hiyo kufungua sitaonyesha leo. Leo ni kazi inayofuata, ambayo mafundi wengi tunaikimbiza: vyuma vyote hivi, kipi kirudi ndani na kipi kitupwe?

Mwenye gari huwa anakuambia moja kati ya mawili. "Fundi, weka kila kitu kipya." Au, "Mjomba, badilisha ringi tu, vingine rudisha." Yote mawili yatamtia hasara. Kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) iliyotoka kiwandani na hii gari, hata ikiwa na umri wa kuoa, inaweza kuwa chuma bora kuliko ile unayouziwa leo kwenye boksi linalong'aa. Mimi kila kipande nakiuliza maswali mawili. Kipimo chako kinasemaje? Na ukinifia barabarani, utakufa na nani?

Swali la pili nililipata kwa machungu. Miaka ya nyuma nilifunga injini ya dizeli, nikaweka mkanda mpya wa taimingi, lakini tenshena, kile kigurudumu kinachokaza mkanda, nikarudisha ya zamani. Nilikuwa nimeizungusha kwa kidole, nikaona bado laini, nikataka kumpunguzia mzee wa watu gharama. Gari ilizima karibu na Mnazi Mmoja, usiku, ina mzigo. Beringi ya tenshena ilijam, mkanda ukakatika, valvu zikagonga pistoni. Kifaa kidogo kile kiliondoka na hedi nzima, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Tangu siku hiyo mkanda na tenshena yake kwangu ni kitu kimoja, havitenganishwi.

Hatua ya kwanza, kabla hujaosha chochote, weka alama. Tazama hapa: vifuniko vya beringi za meni, zile zinazobeba kranki, vina namba na mshale. Vilichongwa kiwandani vikiwa vimefungwa kwenye bloku (mwili wa injini) hii hii, kwa hiyo ukivichanganya, tundu la kranki halinyooki tena. Konrodi nazo, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, kila moja na kifuniko chake. Kama namba haisomeki, piga nukta kwa senta panchi, nukta moja silinda ya 1, mbili silinda ya 2, endelea hivyo. Na vile vikombe vinavyokaa juu ya valvu, mimi natumia trei la mayai. Kila kikombe na kishimo chake. Kila kikombe kimezoeana na nundu yake ya kamshafti, ule mhimili unaosukuma valvu.

Hatua ya pili, angalia uchafu, kwa sababu uchafu unasema. Hiki kipande cha bomba la hewa, pitisha kidole ndani. Unaona wekundu huu? Ni vumbi la barabara za juu kule, limepita kwenye filta iliyochoka. Likifika kwenye silinda linakuwa msasa. Sasa geuza upande wa maji: magamba na kutu, njia zimebaki nusu. Hii imeongezewa maji ya kisima ya chumvichumvi kwa miaka. Njia zikiziba injini inachemka, kwa hiyo nikiona hivi, hedi naishuku kabla sijaigusa.

Hatua ya tatu, bloku. Ingiza kucha juu ya silinda, shuka nayo. Inakwama, sivyo? Hiyo ngazi ni mahali ringi ya juu ya pistoni inapoishia. Juu yake ukuta haujaguswa, chini yake umelika. Lakini kucha si kipimo. Chukua geji ya silinda, pima sehemu tatu: juu, katikati, chini, na kila sehemu mara mbili, kufuata urefu wa injini na kuikata. Silinda nne, vipimo 24. Andika vyote, usikariri. Silinda ya 3L mpya ni milimita 96. Hii ya pili inasoma 96.27 chini kidogo ya ngazi. Mimi ikizidi 0.20 sijadiliani, bloku inakwenda mashine kuboriwa, yaani silinda zipanuliwe.

Hapo uamuzi mmoja unabeba mwingine. Bloku ikiboriwa, zinaboriwa silinda zote nne kwa saizi moja, na pistoni zinakuwa mpya zote, ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo. Kwa hiyo pistoni hizi za zamani, hata hii ya nne ambayo bado nzuri kabisa, hazirudi. Usipoteze asubuhi nzima kuzisugua. Ndiyo maana naanza na bloku.

Kranki sasa. Tuining'inize kwa kamba, tugonge kidogo kwa nyundo. Sikiliza. Inalia kama kengele na mlio unadumu. Ingelia kama debe, ningetafuta ufa. Kwa maikromita, kila shingo, pale beringi inapokaa, pima pande mbili, kwa sababu huwa zinalika na kuwa kama yai. Tofauti ikizidi 0.02, ichongwe na uchukue beringi za andasaizi, za kufuata shingo iliyopunguzwa. Hii shingo zake zote ziko ndani ya kipimo na hakuna mkwaruzo unaoshika kucha. Inarudi kama ilivyo. Beringi za zamani haziulizwi swali, hizo zikifa zinakufa na kranki. Mpya.

Hatua ya hedi ndiyo nataka muitazame kwa karibu. Kijana wangu, sogeza kamera. Kwa macho hedi hii ni safi. Naweka rula ya chuma, napitisha fila (bamba jembamba la kupimia) ya milimita 0.10 chini yake, haipiti, haijapinda. Wengi wangeishia hapa. Sasa paka mafuta ya taa uso wote, subiri kama robo saa, futa mpaka pakauke. Kisha nyunyiza unga wa chokaa, mwembamba tu. Usiguse. Subiri.

Pale, silinda ya pili, kati ya valvu mbili. Mstari mweusi kama unywele unajichora wenyewe ndani ya chokaa. Mafuta ya taa yalijificha kwenye ufa, chokaa inayavuta nje. Hedi hii ghali kuliko vyote mezani ndiyo inayotupwa, na kranki ambayo mtu wa "kila kitu kipya" angeitupa ndiyo inayorudi. Ukinunua hedi ya mtumba kutoka Dar, ipite kwenye chokaa hii hii kabla hujamlipa mtu, na ukiweza ipimwe kwa presha ya maji.

Yanayobaki ni mepesi. Gasketi, sili, vizibo vya maji vilivyoliwa na kutu, mkanda na tenshena: vipya, bila mjadala. Gasketi ya hedi usichukue yoyote, zinakuja kwa unene tofauti. Pima kwanza pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Bolti za hedi zinazokazwa kwa kipimo kisha kuzungushwa digrii huwa zinavutika, kwa hiyo mimi nanunua mpya. Pampu ya oili ifungue, meno yakiwa na mikwaruzo isirudi. Springi za valvu zisimamishe juu ya kioo, fupi kuliko wenzake imechoka.

Orodha ikikamilika, mpigie mwenye gari umsomee kabla hujanunua hata sili moja.

Na bloku ikirudi kutoka mashine, usiifute kwa dizeli ukaridhika. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua kila silinda kwa brashi, kisha pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Kausha, paka oili papo hapo. Hapa kwetu pwani, ukienda kunywa chai kwanza, utarudi ukute kuta zimeshaota wekundu wa kutu.