Kengele Huimbaje? Mhadhara juu ya Ufundi wa Kusubu na Kulinganisha Kengele

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, na nyote mliohudhuria,

Sisi wakaazi wa Mombasa hulitaja jina la Kengeleni kila siku, aghalabu tukiwa ndani ya matatu, wala hatukumbuki kwamba jina hilo lilitokana na kengele hasa: ile ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ambayo ililizwa kuwatahadharisha wanakijiji dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Kengele ile ilitakiwa isikike mbali, basi. Jioni hii nitazungumzia zile zilizotakiwa kuimba, maana hilo ni jambo gumu zaidi kuliko linavyodhaniwa.

Kengele kubwa husubiwa kwa shaba nyekundu na bati, takriban mafungu manne ya shaba kwa fungu moja la bati. Bati likizidi, kengele huwa nyepesi kupasuka. Likipungua, sauti hufifia. Kwa desturi ya kale, fundi hujenga kiini cha matofali na udongo uliochanganywa na samadi ya farasi na manyoya ya mbuzi, akakizungushia ubao uliokatwa kwa umbo la kengele hadi udongo ukae sawa, kisha akatengeneza kalibu ya nje na kuifukia shimoni kabla ya kumimina madini yaliyoyeyuka. Samadi hiyo si uchafu wa bahati mbaya: huungua na kuacha vitundu vya kupitishia mvuke na hewa, ambavyo bila hivyo kalibu ingeweza kupasuka.

Ugumu halisi huanza kengele ikishapoa. Uzi wa zeze ukipigwa, sauti zake ndogo hupangana zenyewe, lakini kengele hutoa sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, na kila moja hutegemea unene wa ukuta mahali fulani. Chini kabisa kuna mvumo, juu yake oktavu moja, yaani noti ileile iliyo juu zaidi, kuna sauti ya msingi, halafu ya tatu ndogo, yaani noti ya tatu ya ngazi iliyoshushwa kidogo, ile inayoipa kengele huzuni yake hata siku ya harusi, kisha ya tano, na oktavu ya juu. La ajabu ni kwamba noti tunayodai kuisikia ulimi unapogonga si lazima iwemo katika mitetemo ya kengele. Sikio letu huiunda lenyewe kutokana na sauti za juu. Sauti hizo zisipopatana, kengele moja hugombana yenyewe kwa yenyewe, sembuse thelathini zilizo katika mnara mmoja.

Aliyefumbua fumbo hili alikuwa Jacob van Eyck, mpiga kengele wa Utrecht nchini Uholanzi, aliyezaliwa kipofu. Aligundua kwamba akipiga mluzi karibu na kengele kwa noti inayolingana na mojawapo ya sauti zake, sauti hiyo peke yake huitikia, na kwa njia hiyo akaweza kuzitenga moja moja. Ndugu wawili wasubu, François na Pieter Hemony, wakalitumia sikio lake: mwaka 1644 mnara wa Zutphen, mji mwingine wa Uholanzi, ukapata kengele za kwanza zilizolinganishwa kwa usahihi, zikikerezwa kwa ndani hadi sauti zikae mahali pake.

Hapa mpiga ngoma ana nafuu, kwani ngozi ikilegea huipasha moto, na ikikaza kupita kiasi huiacha ipoe. Mkereza kengele hushusha sauti kwa kupunguza shaba, na shaba iliyokwisha kuondoka hairudi. Kwa hiyo husubu ukuta mnene kuliko anaouhitaji na kuupunguza kwa woga.

Pieter alipofariki mwaka 1680, maarifa hayo yalififia polepole, na mafundi wengi wakarudi kubahatisha. Yalifufuliwa Uingereza katika miaka ya 1890, pale kasisi Arthur Simpson alipoandika juu ya sauti zile tano, na kiwanda cha Taylor cha Loughborough kikakubali kuzilinganisha zote. Kengele za Zutphen zilikuwa bado mnarani wakati huo. Ziliangamia kwa moto mwaka 1920.