Kuhamishia API Yako AWS Lambda Bila Kuiandika Upya

Karibu, mtazamaji. Leo tutachukua API iliyoandikwa kwa Express (fremu ya Node.js ya kutengenezea huduma za wavuti), ambayo tayari inahudumia watumiaji kwenye seva ya kawaida, na kuihamishia AWS Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha msimbo wako bila wewe kusimamia seva, pasipo kubadilisha njia zake (routes, yaani anwani ambazo API hujibu) hata moja.

API yako imezoea kusikiliza maombi ya HTTP kwenye poti, ilhali Lambda huipa funksheni tukio la JSON, yaani maelezo ya ombi yaliyopangwa kama data, na kusubiri jibu. Anayehitajika hapo katikati ni mkalimani, naye ni Lambda Web Adapter, programu huria inayogeuza tukio kuwa ombi la kawaida, ikalipeleka kwenye poti ya programu yako, kisha ikarudisha jibu katika umbo ambalo Lambda inalielewa.

Fungua Dockerfile, faili yenye maelekezo ya kujenga imeji, yaani kifurushi cha programu yako na vyote inavyohitaji. Chini ya FROM, ongeza mstari mmoja wa COPY unaoweka faili ya adapta ndani ya /opt/extensions, kama unavyoona kwenye skrini. Hakikisha programu inasikiliza poti 8080. Jenga imeji, ipakie ECR (ghala la imeji la AWS), tengeneza funksheni kutokana nayo, kisha iunganishe na API Gateway, lango la AWS linalopokea maombi ya HTTP na kuyapeleka kwenye funksheni. Imeji hiyohiyo bado inaweza kuendeshwa kwenye seva ya zamani, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu njia ya kurudi nyuma inabaki wazi.

Sasa tusiharakishe, maana matatizo mengi huanzia hapa. Kila nakala ya funksheni hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja, hivyo maombi 200 yakifika pamoja, Lambda itawasha nakala 200, na kila moja itafungua miunganisho yake ya hifadhidata. Hifadhidata ya PostgreSQL isiyobadilishwa mipangilio hukubali miunganisho 100 tu. Weka muunganisho 1 kwa kila nakala, kisha ama uwekee funksheni kikomo cha nakala, ama utumie RDS Proxy, huduma ya AWS inayogawana miunganisho michache kati ya nakala nyingi.

Tazama pia mstari huu: baada ya res.json(), amri inayotuma jibu, msimbo unaendelea kutuma barua pepe. Kwenye seva hilo halina shida, lakini Lambda huigandisha nakala mara jibu linapotoka, na barua inaweza kukwama humo bila kosa lolote kuonekana. Ipeleke kazi hiyo kwenye foleni ya SQS (huduma ya AWS inayohifadhi kazi zishughulikiwe baadaye) kabla ya kujibu. Faili zinazopakiwa na watumiaji ziende S3, hifadhi ya faili ya AWS, kwa kuwa folda pekee inayoandikika ni /tmp, nayo hupotea pamoja na nakala yake.

Njia inayotengeneza ripoti kwa dakika nzima iache kwanza kwenye seva, kwa sababu API Gateway kwa kawaida hukata ombi baada ya sekunde 29, ingawa Lambda yenyewe inaruhusu dakika 15.

Mwishoni, elekeza njia moja tu kwenye funksheni, ikiwezekana ile ya kusoma data, kisha fungua CloudWatch, huduma ya AWS ya kumbukumbu na vipimo, na uangalie Init Duration, yaani muda wa kuwasha nakala mpya. Ukiwa mrefu, angalia kwanza kama programu yako inapakia maktaba isizozihitaji inapoanza. Ukiridhika na muda huo, hamisha njia inayofuata.