Chombo na Mabaharia Wake

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya wauguzi, makarani wa rekodi na wanafunzi wa afya

Assalaam aleikum. Baba zangu, mama zangu, nanyi vijana mliokaa huko nyuma, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie akili unde katika utafiti wa tiba. Nitaanzia Ngomeni, maana ni hapa jirani. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Katalogi yake ya mwisho iliorodhesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, akatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Bahari ni yetu na jina ni letu. Je, ni watoto wangapi wa Malindi waliofundishwa kuisoma katalogi ile? Siulizi kwa kinyongo. Naona yale yale yanaweza kutukuta tena, na safari hii ni data za miili yetu.

Programu za akili unde hujifunza kwa mifano. Unaipa maelfu ya picha za vifua, kila moja imeandikwa kama ina nimonia au haina, nayo inatafuta kinachozitofautisha. Mwaka 2018 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya kuijaribu programu ya aina hiyo. Kwenye picha za hospitali ilikofundishiwa ilifanya vizuri. Ilipopewa za kwingine, mara kadhaa ikashuka. Walipoichungua, wakagundua kwamba iliweza kutambua picha imetoka hospitali gani, karibu bila kukosea. Miongoni mwa vitu ilivyovikodolea macho ni kile kialama cha chuma ambacho mpiga eksirei hukiweka pembeni kuonyesha upande wa kulia au wa kushoto. Hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wa nimonia, kwa hiyo kuijua hospitali kulitosha kubahatisha jibu. Kialama kile anakijua kila mpiga eksirei aliyemo ukumbini humu. Angeketishwa mezani tangu mwanzo, angekionyesha kwa kidole.

Na sisi tuna vialama vyetu. Nilikaa siku moja na karani katika zahanati ya kaunti hii, tukifunua daftari. Mtoto wa kwanza kaandikwa "homa". Wa pili "malaria", na alama ya kuuliza mbele yake. Wa tatu "degedege". Nikamuuliza kama hayo ni maradhi matatu. Akasema, "Siku ile vipimo vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo yule wa pili tulikisia tu. Na huyu, degedege ni neno la mamake, nikaliandika alivyolisema." Kompyuta ingehesabu maradhi matatu. Maelezo ya karani hayamo daftarini, yamo kichwani mwake, na siku akihamishwa yanaondoka naye.

Vifaa vya pamoja havikosekani. Mwaka 2021 taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zilianzisha mpango wa sayansi ya data kwa afya ya Afrika, DS-I Africa, wa takriban dola milioni 74.5 kwa miaka mitano. Jukwaa lake la pamoja la data, eLwazi, linaratibiwa na Chuo Kikuu cha Cape Town. Kituo kimojawapo cha utafiti, UZIMA-DS, kiko Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Na hapo Kilifi, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, wapo tangu 1989, na tangu 2000 wanafuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu zaidi ya robo milioni. Hiyo ni hazina.

Kinachoniuma ni mafunzo kupita njia yake na vifaa njia yake. Niliwahi kuhudhuria warsha ya siku tano. Tukafundishwa programu nzuri sana. Tuliporudi kazini haikuwamo katika kompyuta zetu, na leseni tulizopewa zikaisha baada ya mwezi. Wale waliotufundisha hawakuwa wakizungumza na walionunua mashine. Watu wa pwani tunaita jahazi chombo, na kifaa cha kazi pia chombo. Sijui nani angetengeneza jahazi Matondoni, kule Lamu, na mabaharia akawafunza mbali na bahari.

Mfano ninaoupenda ni wa H3ABioNet, mtandao wa Afrika wa bioinfomatiki, yaani kuchambua data za viumbe kwa kompyuta. Kuanzia 2016 uliendesha kozi ambayo mhadhara ulikuwa mmoja kwa nchi nyingi, lakini kila darasa lilikuwa na msaidizi wake pale pale, aliyekaa na wanafunzi na kuwaelekeza kwenye mazoezi. Msaidizi huyo ndiye ninayemtaka Malindi, na Lamu pia. Awe karani au muuguzi anayelijua daftari, apewe kompyuta iliyo na programu ile ile anayoifundisha, na atengewe saa za kazi hiyo, si aifanye usiku baada ya zamu.

Kesho saa tatu asubuhi tutaanza kamusi ndogo ya maneno yanayoandikwa kwenye madaftari yetu: homa, degedege, pumu, safura, mshipa, na kila neno lina maana gani mnapoliandika. Leteni maneno tu. Majina ya wagonjwa yabaki vituoni. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inawalinda, nasi tuwalinde. Wapiga eksirei, nawaomba mbele. Nitawauliza habari za kile kialama.