Saa za Ugenini: Siku ya Mwanafunzi wa Wiki Nne Mjini Leipzig

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi wenzangu, na wazazi mliokusanyika nasi hapa Kisumu, hamjambo.

Nimeombwa niwaeleze wenzangu wanaojiandaa kwa safari fupi za masomo jinsi siku inavyokwenda ugenini. Habari za viza na makoti mtazipata kwa wengine. Mimi nitazungumzia saa, kwa kuwa mwezi wa Juni niliokaa Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, nikisoma Kijerumani na kuhudhuria mihadhara ya chuo kikuu, ulinionyesha kwamba mgeni wa wiki nne hana mali nyingine.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta huhesabu saa kwa jua. Hapa kwetu linachomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu na saa moja kasorobo, mwaka hadi mwaka, wala halitusumbui. Leipzig iko nyuzi 51 kaskazini, na mwishoni mwa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kisha likazama saa tatu na nusu usiku; nasema usiku kwa mazoea tu, maana saa hiyo watoto walikuwa bado wanaendesha baiskeli chini ya dirisha langu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikingoja giza ndipo nile chajio, nikalala saa sita, nikaamshwa na mwanga kabla ya jogoo wa Kondele kuwika, na darasani nikasinzia waziwazi. Kilichoniponya ni leso ya mama, niliyoikunja mara mbili nikaining'iniza dirishani.

Chuo kikuu cha huko kilianzishwa mwaka wa 1409, nacho kina desturi zake. Mhadhara ulioandikwa saa tatu huanza saa tatu na robo, isipokuwa ratiba iseme wazi kwamba robo hiyo haipo. Mimi, niliyekuwa nimeonywa kuhusu Wajerumani na saa, nilifika mapema nikakaa peke yangu ukumbini nikidhani nimekosea jengo. Mhadhara ukiisha, wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole badala ya kupiga makofi. Siku ya kwanza nilidhani wanamfukuza mhadhiri.

Mtego mkubwa ulikuwa maneno mawili, halb zehn. Neno kwa neno ni "nusu kumi", na maana yake ni nusu ya kuiendea kumi, yaani saa tatu na nusu kwa hesabu yetu. Mimi nilisikia kumi na nusu, nikatoa sita kama tulivyozoea, nikapata saa nne na nusu. Nilipofika, wenzangu walikuwa wameondoka saa nzima iliyopita kwenda kutembelea maktaba.

Usafiri sitaukalia sana: katika tramu hakuna makanga wa kukudai nauli, ila mkaguzi akikukuta bila tiketi utalipa euro 60.

Jumapili, hata hivyo, inahitaji maelezo. Katiba yao ya 1949 inailinda siku hiyo kama siku ya mapumziko, na maduka karibu yote hufungwa. Kwa mtu aliyezoea Kibuye, ambako Jumapili ndiyo siku ya soko kufurika, hilo halimjii akilini hata kidogo. Nilifika Jumamosi usiku nikiwa na biskuti mbili za ndegeni. Maduka ya ndani ya stesheni kuu ndiyo yaliyoniokoa, maana hayo huruhusiwa kufungua. Nikanunua mkate na pakiti ya unga wa mahindi wa njano, ule wa Waitaliano, unaokwaruza kama mchanga ukiupitisha vidoleni. Ugali wake wa kwanza ulinishinda: ulibaki na chenga na kukataa kushikana. Baadaye niligundua kwamba unataka maji mengi zaidi, moto mdogo, na mkono usiochoka.

Jumapili ya mwisho niliwaalika majirani wa bweni waje waule. Nilikusudia saa moja jioni, lakini ulimi ukateleza, nikawaambia kwa Kijerumani waje saa moja. Wakabisha mlango saa saba mchana kamili, wamebeba saladi na chupa za maji, nami sijainjika hata sufuria. Tulikula saa nane, na jua lilikuwa bado limebakiza saa saba na nusu.