Timu Iliyofungwa Kumi Ilifikaje Kule? Jibu Langu Kutoka Auckland

Asalaam aleykum, ndugu zangu mnaonitazama kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko. Leo nilikusudia kuzungumzia mambo mengine kabisa, lakini tangu Juni 2025, Bayern Munich ilipoifunga Auckland City ya huku New Zealand mabao 10 kwa bila, mmekuwa mkiniandikia swali moja tu: ikiwa timu ya namna ile inacheza Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani huku Simba na Yanga wakibaki nyumbani, kwa nini nisiwatafutie vijana wetu nafasi huku wapite njia hiyo fupi? Nimechelewa kujibu kwa makusudi, kwa sababu nikisema njia ni ngumu mtasema nawabania, na nikisema ni rahisi mtasema naringa. Basi nitaeleza nilivyoiona mimi, na mwingine anayeishi huku anaweza kuwa na maelezo yake.

Kwanza, wengi mmechanganya misimu. Tiketi ya kwenda Marekani haikupatikana katika Ligi ya Mabingwa ya Oceania, yaani New Zealand na visiwa vya Pasifiki, ya 2025, kwa sababu Auckland City walikuwa wameshaipata kwa kutwaa kombe hilo mwaka 2022, 2023 na 2024. Msimu wa 2025 ulikuwa na njia yake: bingwa alikwenda kwenye Kombe la Mabara la klabu (Intercontinental Cup), na Septemba Auckland City wakafungwa humo 3-0 na Pyramids ya Misri mjini Cairo.

Msimu huo wa 2025 wa Oceania ulinikaa moyoni kuliko mechi ya Bayern. Klabu nane zilikusanywa Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon, kuanzia Machi 29 hadi Aprili 12, na fainali, nusu fainali na makundi yote yakamalizika ndani ya wiki mbili. Wenzetu wa Afrika wamezoea kwenda Cairo wiki hii na kusubiri marudiano wiki ijayo, lakini huku visiwa vimetawanyika katika bahari kubwa kuliko zote duniani, nauli za ndege ni za kutisha, na klabu nyingi ni za watu wanaoamka Jumatatu kwenda kazini. Kwa hiyo wote walikuwa wakikutanishwa mahali pamoja: mwaka 2023 ilikuwa Vanuatu, 2024 ilikuwa Tahiti. Bingwa wa Honiara alicheza mechi tano tu, na hapo ndipo mnaponiambia, "Si unaona ni rahisi!" Sawa, lakini mechi tano kwa siku kumi na nne, katika joto la Guadalcanal, kisiwa ulipo mji wa Honiara, kwa mchezaji aliyeomba ruhusa kazini, mimi sithubutu kuziita rahisi.

Fainali ilikuwa Auckland City dhidi ya Hekari United ya Papua New Guinea, ikaisha 2-0, na Auckland wakachukua kombe lao la 13. Hekari si wageni wa mambo hayo. Mwaka 2010 walikuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Australia na New Zealand kutwaa ubingwa wa Oceania. Nakiri nilikuwa nawashabikia wao, ingawa naishi mabasi mawili tu kutoka Kiwitea Street, uwanja wa nyumbani wa Auckland City.

Nilitaka kwenda Honiara, na hapa mniruhusu nitoe dukuduku langu. Tiketi niliyoimudu ilipitia Brisbane, na kwa pasipoti yangu, hata kupita tu katika uwanja wa ndege wa Australia kunahitaji viza. Nikajaza fomu, nikapeleka taarifa za benki za miezi mitatu, nikaandikiwa barua na mwajiri, nikaambiwa picha moja haisomeki, nikapiga nyingine, na jibu lilipofika nusu fainali zilikuwa zimeshachezwa. Wakala aliyenikatia tiketi, ambaye simtaji, alirudisha sehemu ya fedha zangu na kuibakisha nyingine akiiita gharama za uendeshaji. Fainali niliitazama kwenye simu nikiwa nimekaa jikoni. Siku hiyo hiyo shemeji yangu akanitumia ujumbe kwamba watu wa ughaibuni hatuna shida, tunakwenda visiwani kula raha. Sikumjibu.

Turudi kwenye fedha, kwa maana najua ndiko mnakotaka nifike. Ni kweli kwamba FIFA iliwatengea wawakilishi wa Oceania dola milioni 3.58 za Marekani kwa kushiriki Kombe la Dunia la Klabu, na sare ya 1-1 na Boca Juniors pale Nashville iliongeza dola milioni moja. Lakini hizo hulipwa klabu. Aliyefunga bao la Auckland siku ile, Christian Gray, alikuwa anasomea ualimu, na kipa Conor Tracey alikuwa anafanya kazi katika ghala la dawa za mifugo. Posho ya mchezaji huku ilitangazwa sana kuwa haizidi dola 150 za New Zealand kwa wiki, na kwa kiasi hicho, kwa hesabu zangu mimi, hulipi hata chumba cha kushirikiana na watu wanne.

Hapo ndipo makaratasi yanapoikata ndoto. Viza ya kazi ya New Zealand inauliza mwajiri aliyeidhinishwa na mshahara unaoonekana kwenye mkataba. Posho ya nauli na viatu haijibu swali hilo. Wageni wengi wanaocheza daraja la pili au la tatu katika vilabu vya mtaani huku walifika kwa masomo, kwa ndoa au kwa kazi nyingine, kisha mpira ukafuata.

Na msiwadharau Auckland City kupita kiasi. Desemba 2009 waliwafunga TP Mazembe ya Lubumbashi 3-2 wakigombea nafasi ya tano ya Kombe la Dunia la Klabu, na mwaka 2014 kule Morocco waliwatoa ES Sétif, mabingwa wa Afrika, wakamaliza wa tatu. Afrika ilikuwa na nafasi nne Marekani, ila ili kuzipata ilikuwa lazima upambane na Al Ahly, Wydad, Espérance na Mamelodi Sundowns, na huo ndio mlango uliowafungia Simba na Yanga, si Auckland.

Kijana wa Mbagala uliyeniandikia mara sita, barua ya kuitwa majaribio uliyopewa nitumie picha yake kabla ya kumpa mtu aliyekuletea barua hiyo zile milioni mbili. Klabu iliyotajwa humo nitaipigia simu Jumatatu, wakifungua ofisi, na jibu nitakutumia kwa sauti.