Mlango 35357: namba ya kiwandani inapokutana na delestaji

Aksanti sana. Wale wa nyuma wasogee, viti viko hapa mbele, na hiyo grupu ya umeme ya nje inanguruma; siwezi kushindana nayo saa nzima.

Nimeombwa niseme juu ya kuchagua namba za milango ya mtandao katika programu za wingu, zile zinazokaa kwenye seva na watu wanazitumia kupitia mtandao. Mlioketi darasani kwangu mnajua nitaanzia wapi. Mlango ni nini sielezi: anwani inakufikisha kwenye mashine, mlango unakufikisha kwa programu iliyomo ndani yake, na namba zinaanza 0 hadi 65535. Basi. Ninalotaka mlisikie ni hili ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti. Anayeandika programu akaipa namba ya kiwandani, ile inayokuja nayo kabla hujagusa kitu, anawaamulia watu ambao hatawaona kamwe. Na wengi wa watu hao wanaishi mahali ambapo umeme unakatika.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya hapa Lubumbashi iliniita. Walikuwa na seva tatu, juu yake wameweka OpenStack, programu ya kujiendeshea wingu, likawa wingu lao wenyewe, kwa sababu hawakutaka data zao zivuke bahari. Uamuzi mzuri, niliuunga mkono na bado nauunga mkono. Betri zao za akiba zilikuwa zimechoka, kwa hiyo kila delestaji, umeme ukikatwa kwa mgao, seva zilianguka, na umeme ukirudi ziliamka zenyewe. Mara mbili kwa siku, siku nyingine zaidi. Na kila baada ya miezi miwili hivi, zinaamka, taa zote za kijani, lakini wingu limekufa. Hakuna anayeweza kuingia. Ukizima na kuwasha tena, linapona.

Kijana wa zamu akaniambia: "Yaya, hii mashine iko na shetani. Miezi miwili inakubali, siku moja inakataa."

Sikumcheka. Mashine ni ileile, mipangilio ni ileile, na bado inafanya vitu viwili tofauti. Ungesema nini wewe?

Sasa sikilizeni jinsi tulivyopotea. Mara ya kwanza tulibadilisha RAM, tukawasha, ikapona. Tukasema RAM ndiyo ilikuwa mbovu. Mara ya pili tulibadilisha kebo, ikapona. Mara ya tatu tukanunua swichi mpya ya mtandao, pesa ya watu, ikapona. Mnaona? Kila dawa ilikuwa inafuatwa na kuzima na kuwasha, na kuzima na kuwasha ndiko kulikokuwa kunaponya. Karibu mwaka mzima tulikuwa tunatibu mgonjwa kwa dawa zisizo zake na tunamwona anainuka.

Mara iliyofuata nilimpigia kijana simu nikamwambia: usiiguse. Iache hivyo hivyo ilivyokufa mpaka nifike. Nilitoka Kampemba usiku. Ndani ya kumbukumbu za Keystone, faili ambamo programu inaandika yaliyoipata, tukakuta mstari mmoja: anwani tayari inatumika.

Keystone ni mlinzi wa lango la OpenStack. Huduma yoyote ikitaka kitu kwa mwenzake lazima ionyeshe tokeni, kitambulisho chake cha kuingilia, na tokeni inatolewa na Keystone. Mlinzi asipoamka, nyumba nzima inabaki nje. Wakati ule alikuwa na milango miwili: 5000 kwa watu wote, na 35357 kwa kazi za usimamizi. Tukauliza mfumo: ni nani aliyekalia 35357? Jibu likaja kwamba ni Nova. Nova, huduma ya mashine pepe, zile kompyuta zinazoundwa kwa programu, ya wingu hilohilo, mtoto wa nyumba hiyohiyo! Na wala haikuwa inasikiliza hapo, yaani haikuwa inangoja mgeni yeyote. Ilikuwa imepiga simu kwa hifadhidata.

Hapa ndipo pa kukaza macho, kwa sababu vitabu vingi vinapita haraka. Programu inapopiga simu nje, yenyewe pia inahitaji mlango upande wake, wa kupokelea jibu. Haiuchagui. Linux, mfumo wa uendeshaji wa seva zile, inauchagua kutoka katika fungu la milango ya muda, na fungu hilo linaanzia 32768. Siku zile liliishia 61000, leo 60999. Weka 35357 kwenye mstari huo uone inaangukia wapi. Imo ndani kabisa. Kwa hiyo umeme ukirudi, huduma zote zinaamka kwa wakati mmoja, kila moja inakimbilia hifadhidata, kila mwito unapewa mlango wa muda, na siku moja bahati mbaya mmoja anapewa 35357 kabla mlinzi hajavaa viatu. Mlinzi anafika, anakuta mlango una mtu, anakata tamaa, anakufa.

Tulihesabu. Fungu lile lina namba 28,000 na kidogo. Miito iliyofunguka kabla ya Keystone ilikuwa kama 300. Gawanyeni wenyewe: ni mara moja katika kuwashwa mara 94 hivi. Seva inayowashwa mara mbili kwa mwaka, mahali ambapo umeme haukatiki, itakutana na ajali hii mara moja katika miaka 47. Mwenye seva hiyo atastaafu hajaiona. Ya kwetu iliwashwa mara mbili kwa siku. Miaka 47 ya mwenzetu sisi tuliimaliza kwa mwezi mmoja na nusu.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia kwamba hizi ni ajali adimu, zisizostahili muda wa mtu. Adimu kwa nani? Kila kosa linalojificha kwenye kuwasha, delestaji inalitafuta na kulipata. Sisi wa Katanga tunazijaribu programu za dunia kwa namna ambayo maabara zao haziwezi, na hakuna anayetuuliza tumeona nini.

Mtu ataniambia: basi aliyechagua 35357 alikuwa mzembe. Hapana, na hili linaniuma zaidi. Alifuata sheria. IANA, ofisi inayotunza daftari la namba za intaneti, imegawa milango mafungu matatu: 0 hadi 1023 ni ya mfumo, 1024 hadi 49151 ni ya kuandikishwa, 49152 hadi 65535 ni ya muda, isiyo ya mtu. Imeandikwa wazi katika RFC 6335, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2011. 35357 iko kwenye fungu la kuandikishwa, na iliandikishwa. Karatasi zake zote safi. Ila Linux haifuati mpaka huo. Inaanza kugawa milango ya muda kuanzia 32768, chini sana ya 49152. Windows, tangu Vista, inaanzia 49152.

Nyinyi watu wa Lubumbashi mnaielewa hadithi hii kuliko mtu yeyote. Ni lupango, kiwanja, wenye karatasi mbili. Wewe una hati, umelipa, una muhuri, unafika asubuhi na matofali yako, unakuta mwingine ameshajenga kibanda kwa ruhusa ya mkubwa mwingine. Utaenda kumwonyesha karatasi? Aliyeko ndani ndiye aliyeko ndani. Mfumo wa uendeshaji hausomi daftari la IANA.

Najua swali linalokuja. "Si unabadilisha tu namba kwenye faili ya mipangilio?" Ndiyo, na tulirekebisha kwa mstari mmoja. Kuna kipengele cha Linux kinachoitwa net.ipv4.ip_local_reserved_ports, unaandika 35357 pale, na mfumo hautaigawa tena kwa mpita njia. Mstari mmoja! Lakini mstari huo ulitugharimu karibu mwaka na swichi ambayo haikuwa na kosa. Na namba ya kiwandani haikai kwenye faili moja. Iko kwenye maelekezo, kwenye skripti za watu, kwenye ukuta wa kinga wa mtandao, kwenye orodha ya huduma ndani ya wingu lenyewe, na kichwani mwa kijana wa zamu saa nane za usiku. Anayeweza kubadilisha ni yule anayejua tayari kwamba shida iko hapo. Namba ya kiwandani inachaguliwa kwa ajili ya asiyejua.

Baadaye OpenStack wenyewe waliandika onyo hilo kwenye maelekezo yao, na toleo la tatu la API ya Keystone, njia ambayo programu nyingine zinaongea nayo, likaondoa haja ya mlango wa pili. Vizuri. Lakini mimi naongea na nyinyi mtakaoandika programu mpya.

Kuna wanaosema: nitakaa chini ya 32768, nachukua 8080, nimemaliza. Wadogo zangu, 8080 ni kituo cha teksi. Programu za watu zimejaa: Tomcat iko pale, Jenkins iko pale, Swift ya OpenStack hiyohiyo iko pale. Ukienda 3000 unamkuta Grafana. 9090 unamkuta Prometheus na Cockpit wanasukumana. Na 5000 ya Keystone? Mwaka 2021 Apple waliweka kipokezi cha AirPlay, cha kupokea picha na sauti kutoka vifaa vingine, kwenye 5000 ndani ya macOS Monterey, na wanafunzi wangu wa Flask, chombo cha kuandikia programu za wavuti ambacho nacho kinakuja na 5000, wakaanza kunijia: "Mwalimu, programu yangu jana ilikuwa inatembea." Ilikuwa inatembea, ndiyo.

Kwa hiyo ufanye nini? Kaa juu ya 1023, ili programu yako isilazimike kuanza na mamlaka ya msimamizi mkuu. Kaa chini ya 32768. Tazameni Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi: fungu lake la NodePort, milango ya kuingilia kutoka nje, ni 30000 hadi 32767. Linaishia namba moja kabla ya Linux kuanza kugawa. Halafu tafuta kwenye daftari la IANA namba isiyo na mwenyewe, na uombe. Kuomba hakulipiwi. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu huko Finland, alikuwa ameandika SSH, ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa usalama, akaona FTP ya kuhamisha faili iko 21, telnet ya kuingilia bila usalama iko 23, katikati 22 iko wazi. Akaandika barua pepe kuiomba, na kesho yake akapewa. Leo hakuna seva ya Linux hapa mjini isiyojua 22. Siku hizi maombi yanachunguzwa zaidi na hutapewa namba ya chini kama ile, lakini daftari liko wazi kwa mtu wa Katuba hapa mjini kama lilivyo kwa mtu wa Helsinki. Nataka kuona jina la mtu wa Katuba humo.

Muda unanikimbia, naona mratibu ananionyesha saa. La pili nitalisema mbio: namba ni nusu ya uamuzi, nusu nyingine ni anwani unayosikilizia. Memcached, programu ya kuweka data za haraka, ilikuwa inasikiliza 11211 kwa UDP, njia ya kutuma ujumbe bila kuhakikisha mtumaji ni nani, kwenye anwani zote, toka kiwandani. Februari 2018 seva za watu wasiojua lolote zilitumiwa kuipiga GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, kwa terabiti 1.35 kwa sekunde. Toleo la 1.5.6 likazima UDP. Programu yako ianze kwa kusikiliza 127.0.0.1, anwani ya ndani ya mashine yenyewe, anayetaka kuifungua nje aifungue kwa mkono wake. Na msiniambie mtaficha kwa kubadilisha namba: tangu 2013 kuna ZMap, inayopitia mlango mmoja kwenye IPv4 yote, anwani zote za mtandao za aina ya zamani, ndani ya dakika 45.

La tatu lilikuwa juu ya 443, mlango wa tovuti salama, na njia za anwani, kuweka huduma zote nyuma ya mlango mmoja, kwa sababu mitandao mingi ya ofisi hapa hairuhusu kingine kutoka. Hilo linahitaji saa yake. Tuliache.

Walio na kompyuta ya Linux mbele yao, fungueni faili hii: /proc/sys/net/ipv4/ip_local_port_range. Mtaona namba mbili. Halafu andikeni ss -ltn, amri inayoorodhesha milango inayosikilizwa, mtafute huduma yoyote inayosikiliza kati ya namba hizo mbili. Nawasubiri. Nani ameona moja? Wewe dada mwenye kitambaa cha kijani, soma kwa sauti, tujue ni programu gani.